Kanda ya Remmy na Folda ya Bendi Yenu

Maneno haya niliyasema mbele ya viongozi wa bendi za dansi na vikundi vya taarab, jijini Dar es Salaam. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaacha tu maswali yaliyokatiza katikati.

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu wa vyombo, habari za mchana. Na ninyi wa taarab mliopanda boti alfajiri kutoka Unguja, poleni na safari, asanteni kwa kuitika.

Kazi yangu ni kuwatangaza wanamuziki: mabango, kava, video fupi za kwenye simu. Nilianza kwa brashi na rangi ya mafuta, nikiandika vitambaa vya kutundika juu ya barabara, siku ambazo gari lenye spika mbili juu lilikuwa linazunguka mitaani kuwaambia watu bendi gani inapiga wapi. Leo gari hilo ni simu. Ndiyo maana nataka tuanze na simu.

Mzee wangu huyu mpiga tumba, aliyekaa mbele, ameniruhusu nitumie bango la bendi yake. Mwanawe alilitengeneza vizuri kabisa. Katibu wa bendi akalipiga skrinishoti, akaliweka kwenye statasi yake. Shabiki akalipiga skrinishoti kutoka kwenye statasi ile, akalitupia kwenye kundi la mtaa. Kutoka kwenye kundi likamrudia mzee, na mzee amenitumia mimi sasa hivi. Liangalieni hapo ukutani. Namba hii ya simu inaishia na 3 au 8? Huyu wa pili kutoka kushoto ni nani? Mzee mwenyewe imebidi ainuke, asogee mpaka kwenye kitambaa, ndipo akajitambua kwa kofia yake.

Sasa tazameni hili la pili. Ni bango lilelile, ila mwanawe amenitumia faili lenyewe, na amelituma kama dokumenti badala ya picha. WhatsApp ikipewa picha huibana iwe nyepesi, dokumenti huiacha ilivyo. Mnaona? Hata kamba za tumba zinahesabika. Anayetaka kukodi bendi hii kwa harusi atapiga namba sahihi. Akipewa lile la kwanza atampigia fundi bomba wa Mbagala, na fundi bomba hana la kumsaidia.

Nimeanza na dogo hilo kwa sababu ndani yake kuna jambo lote lililonileta hapa. Ngoja nilieleze kwa kisa cha mtu tuliyempenda wote.

Remmy Ongala alizaliwa Kongo, upande wa Kindu, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila. Nyimbo zake zilijaa Sinza na Manzese, lakini Ulaya hakuna aliyemjua. Kilichomvusha bahari ni kanda. Rafiki yake aliyekuwa anarudi Uingereza alibeba kanda ya muziki wake akawasikilizisha watu wa WOMAD, tamasha la muziki la hukohuko Uingereza, na mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa kwenye ziara ya tamasha hilo. Baada ya hapo zikaja albamu mbili kwa lebo ya Real World.

Watu wakisimulia kisa hiki husifu kanda. Mimi namfikiria yule rafiki. Kanda haikusafiri peke yake: ilikuwa na mtu wa kuisemea, wa kujibu huyu ni nani, anatoka wapi, bendi yake ina watu wangapi, je, kweli wanapiga hivi jukwaani. Faili mnalotuma leo halina rafiki wa kulisemea. Linafika kwa mtu asiyewajua, saa ambayo ninyi mmelala, kati ya mafaili mengine mia. Lisiposema lenyewe, hakuna wa kulisemea.

Nimelijifunza hili kwa uchungu. Miaka michache nyuma bendi moja niliyokuwa naitengenezea mabango ilipata barua pepe kutoka tamasha la nje ya nchi. Ilifika Alhamisi jioni. Walitaka vitu vitano kabla ya Jumatatu asubuhi: picha mbili, wasifu mfupi, video ya wimbo mmoja ikipigwa jukwaani bila kukatwa, orodha ya wapigaji na vyombo vyao, na mchoro wa jukwaa. Tukakimbizana siku tatu. Picha tuliyokuwa nayo ilikuwa na watu kumi na mmoja: wawili walishahama, mmoja tulikuwa tumeshamzika. Video za jukwaani zilikuwa za mashabiki, sauti imepasuka, kamera inaanza kwa mwimbaji inaishia kwa mtu anayechoma mishkaki. Wasifu ulisema bendi ni kali Afrika Mashariki na Kati. Mwishoni tukatuma video ya studio, yenye gari la kukodi na nyumba ya kukodi. Wakajibu kwa adabu wakiuliza kama bendi hupiga kweli vyombo. Tulipokuwa bado tunatafuta cha kuwajibu, nafasi ikaenda kwa wengine.

Bendi ile hupiga vyombo tangu saa tatu usiku mpaka saa tisa, kila Jumamosi. Mpiga solo wao angeweza kunyamazisha uwanja. Na mimi nilikuwa nimewatengenezea bango kila wiki kwa miaka minne bila kuwaambia hata siku moja kwamba bango halitoshi. Lile ni deni langu kwao, na ndiyo sababu nimekubali kuja kusema hapa leo.

Kwa hiyo nawaomba mwe na folda. Folda moja, mtandaoni, yenye linki moja ambayo katibu anaweza kuituma akiwa ndani ya daladala. Iandaliwe sasa, wakati hakuna anayeiomba.

Tuanze na video, maana hapo ndipo bendi zetu zinapopoteza haki yao. Tamasha kama Sauti za Busara, lililoanza 2004 na ambalo nyumbani kwake ni Ngome Kongwe pale Zanzibar, limejenga jina lake juu ya muziki unaopigwa jukwaani, bila plebeki. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuona gari. Wanahitaji kuona mikono. Na kuirekodi si lazima mwe na fedha nyingi. Simu moja iwekeni kwenye stendi mbele ya jukwaa, katikati, isiguswe na mtu mpaka wimbo uishe. Simu ya pili ashike kijana mwenye utulivu, azunguke pembeni kuchukua vidole vya gitaa na mdomo wa tarumbeta. Sauti msiitegemee simu. Mwambieni fundi mitambo achukue sauti kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, aiingize kwenye kompyuta, na maiki moja nyingine aielekeze ukumbini ili tusikie watu wakiitikia. Kabla ya wimbo kuanza, mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja kubwa. Kofi hilo ndilo litakalotusaidia kupatanisha picha na sauti baadaye. Kisha pigeni.

Najua nyimbo za dansi hufika dakika kumi, na utamu wote uko kwenye sebene. Wekeni wimbo mzima kwenye folda. Ila kwa ajili ya statasi na Instagram, kateni sekunde ishirini, na msikate mwanzoni! Mwanzo wa wimbo ni gitaa linajipanga, na aliye kwenye simu ameshapita. Kateni pale mwimbaji anapoingia kwenye kiitikio, au pale solo linapopanda. Mtu akisikia kipande hicho atautafuta wimbo mwenyewe.

Picha. Naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Mkumbukeni Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013. Ukifumba macho unamwona: kanga, uso ule, ngoma ndefu kaibana. Picha zile hazikuwa na moto nyuma, hazikuwa na radi wala mji wa ghorofa uliobandikwa kwa kompyuta. Alikuwa yeye na chombo chake. Mkija kwangu mkaniomba niwaweke juu ya magorofa ya Dubai nitawasikiliza, lakini nitawauliza vyombo viko wapi. Mpiga fidla akipigwa picha bila fidla, mgeni atamjuaje?

Pigeni picha asubuhi saa kumi na mbili na nusu au jioni saa kumi na moja, jua likiwa pembeni. Saa saba mchana jua la Dar linatia kivuli machoni, na watu weusi kama sisi tunakuwa meno na kofia tu. Mpiga picha aangalie uso wenu kwanza ndipo apime mwanga, anga nyuma likiungua likawa jeupe tupu, liungue. Na zile programu zinazong'arisha ngozi mpaka mtu anakuwa rangi ya karatasi, nazikataa kabisa. Nimeletewa picha ya mama mmoja wa taarab, sauti ya dhahabu, amepaukishwa mpaka wajukuu zake walimkana. Mashabiki wake wamempenda na rangi yake kwa miaka thelathini. Vivyo hivyo picha za kutengenezwa na akili mnemba: nimeona gitaa ambalo nyuzi zake haziishii popote, na mkono wenye kidole cha ziada. Mpiga gitaa yeyote ataliona hilo kabla hajasoma jina la bendi. Kama mnataka rangi za nyuma au mapambo, kompyuta ifanye. Nyuso zenu na vyombo vyenu viwe vya kweli.

Picha moja iwe ya kulala, yaani upana uzidi urefu, na mwachie nafasi tupu upande mmoja, maandishi yatakaa hapo. Moja iwe ya kusimama. Kila mpigaji awe na yake peke yake, maana siku mtu akihama tutaunda upya bila kuita bendi nzima. Na faili lisibaki na jina la IMG na tarakimu. Liandikeni jina la bendi, mwaka, jina la aliyepiga picha. Mpiga picha mlipeni, mkubaliane kwa maandishi kwamba mna ruhusa ya kuitumia kutangaza, na mtajeni kila inapotoka.

Wasifu nitaupitia haraka, kwa sababu ubaya wake ni mmoja tu: sifa. "Bendi inayokonga nyoyo za mashabiki." Kila bendi inakonga nyoyo. Andikeni mambo ambayo bendi nyingine haiwezi kuyaandika. Angalieni bendi ya Msondo Ngoma. Wanaweza kusema: tulianza 1964 tukiitwa NUTA Jazz, tukawa JUWATA, tukawa OTTU, sasa ni Msondo. NUTA, JUWATA na OTTU ni majina ya vyama vya wafanyakazi. Sentensi moja, na ndani yake kuna historia ya vyama hivyo ya nchi nzima. Mwandishi wa gazeti akiisoma hiyo anakaa chini. Wekeni wasifu wa maneno hamsini, mwingine wa mia na hamsini, na mmoja mrefu, Kiswahili na Kiingereza. Anayehitaji mfupi msimpe mrefu aukate mwenyewe, atakata mahali pasipofaa.

Mfano huo huo wa Msondo unanipeleka kwenye majina. Bendi ikiwa na majina manne, nyimbo zake mtandaoni zinakaa nyumba nne. Kijana wa Mwanza anayetafuta Msondo hatajua kwamba wimbo wa babu yake uko chini ya JUWATA. Bendi ya Mlimani Park ya 1978 ndiyo Sikinde, lakini mashine ya kutafutia haijui hivyo mpaka mtu aiandikie. Unguja pale, klabu kongwe ya taarab ya mwaka 1905 utaikuta imeandikwa Ikhwani Safaa, Akhwani Safaa, Ikhwan Safaa, na wote wanamaanisha wazee walewale. Chagueni tahajia moja. Iwe ileile YouTube, Boomplay, Spotify, kwenye bango na kwenye fomu ya COSOTA. Nasisitiza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, maana mambo ya hakimiliki yanaendeshwa kwa majina. Mtunzi akiandikwa hivi kwenye wimbo mmoja na vile kwenye mwingine, kwenye hesabu anaonekana ni watu wawili, na hela ya mmoja wao inakosa mwenyewe.

Na wapigaji nao waandikwe. Nina picha za zamani za bendi za enzi ya Redio Tanzania, nzuri kupita kiasi, suruali za bugaluu, gitaa zimenyanyuliwa, na nyuma ya picha hakuna jina hata moja. Nimewahi kumpelekea mzee mmoja picha ya namna hiyo. Alimtambua mpiga besi, alimtambua mwimbaji, akafika kwa kijana wa tarumbeta akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Huyu alikuwa anakula kwangu." Jina hakulipata. Kila picha ya kwenye folda yenu iandikiwe majina kutoka kushoto kwenda kulia. Ni kazi ya dakika tano leo.

Mchoro wa jukwaa ni karatasi moja. Mstatili, dramu nyuma, besi upande gani, tumba wapi, waimbaji wangapi mbele, maiki ngapi, nani anahitaji umeme. Bendi za dansi mtaona ni jambo dogo. Ndugu zangu wa taarab, kwenu ni kubwa. Fundi mitambo wa ugenini huenda hajawahi kuona kanuni, kile chombo chenu cha nyuzi nyingi, maishani mwake. Atatundika maiki juu yake kama ya kinanda, na nyuzi zenu zote zitamezwa na akodiani. Mwandikieni maiki ikae wapi. Mchoreeni na udi.

Kava la wimbo lina masharti yake na hayabishaniki: mraba, pikseli 3000 kwa 3000, JPG, rangi za RGB, yaani zile za skrini. Msiandike namba ya simu wala anwani ya Instagram juu yake, majukwaa ya muziki ya mtandaoni hulikataa, na wimbo uliopangwa kutoka Ijumaa unabaki nje ya mlango. Picha ya mbele ya video ya YouTube ni 1280 kwa 720. Bango la kuchapa la A3 lifanyeni kubwa tangu mwanzo, pikseli 3508 kwa 4961. Kubwa hupunguzika likaenda kwenye simu, lakini la simu halikui likaenda ukutani. Basi.

Bango lenyewe lisomeke likiwa dogo kama kiganja, huku msomaji anatembea juani. Kwanza jina la bendi, kisha siku na tarehe, ukumbi, saa, kiingilio, namba moja ya simu. Namba moja! Nimeona bango lenye namba tano, na zote zilikuwa hazipatikani. Siku na tarehe ziwe zimepatana: andika Jumamosi, kisha fungua kalenda uhakikishe. Nembo za wadhamini zikae chini, zisipande mpaka kwenye vifua vya waimbaji.

Na saa, jamani. Mnapopiga Zanzibar au popote penye wageni, bango likisema "saa 2 usiku" kuna mtu atasoma saa nane za usiku kwa hesabu yetu. Atafika mmeshafunga vyombo, na atakuwa amelipia taksi. Tengenezeni mawili: la Kiswahili liseme saa 2 usiku, la wageni liseme 20:00. Msiyachanganye kwenye bango moja, linakuwa kama ratiba ya treni.

Jambo la mwisho linaniuma kuliko yote. Akaunti ni ya nani? Bendi moja ya hapa mjini ilimpa kijana kazi ya kufungua ukurasa. Akaufungua kwa laini yake na barua pepe yake. Alifanya kazi nzuri miaka sita. Wakagombana kwa malipo, akaondoka. Video zote, maoni ya mashabiki, ujumbe wa watu waliotaka kuwakodi, vyote vikaondoka naye, na simlaumu yeye peke yake, maana hakuna aliyewahi kumwandikia hata karatasi ya makubaliano. Fungueni barua pepe ya bendi. Nenosiri liwe kwa watu wawili, mmoja wao katibu, na liandikwe kwenye daftari linalokaa na kadi za wanachama. Laini iliyosajiliwa kwa ajili ya akaunti isiachwe ikafa kwa kukosa vocha. Na kijana mlipeni kwa mwezi, kama mnavyomlipa mpiga dramu. Anafanya kazi ya bendi.

Nimesema vya kutosha. Pale mlangoni, upande wa kivuli, nimetundika shuka jeupe na nimekuja na mpiga picha. Imetimia saa kumi na nusu, jua linaanza kulala. Kila kikundi kitapigwa picha mbili, ya kulala na ya kusimama, kisha mmoja mmoja. Binti yangu amekaa na daftari, anaandika majina kutoka kushoto kwenda kulia, na atawauliza tahajia, msimchoke. Mafaili mtayapata usiku huu, kama dokumenti.

Tunaanza na wazee. Mzee wangu, karibu. Kofia iache kichwani, na tumba uje nazo zote mbili.